Lete Tupu, Chukua Jipya

Mtunza stoo wetu alikataa kutia saini karatasi moja, nasi tukamvunjia jina lake kwa sababu hiyo. Nasema "sisi" kwa kuwa nami nilikuwamo. Nikiwasikia watu wa ofisini wakimtaja kwa sauti ya huruma, "maskini Bwana Stoo, alikuwa mtu mwema yule," damu hunichemka. Wema gani? Walikuwa wakimkimbia kwenye ngazi. Nusu yao walimwita shetani wa wino, na waliobaki walimwita hivyo akishapita. Leo wamepata huruma, kwa kuwa huruma haiwagharimu kitu.

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Sikumuuliza, naye hakuwa mtu wa kuulizwa. Nilikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na moja katika stoo iliyo chini ya ngazi, ndani ya jumba la zamani la Mji Mkongwe ambamo ofisi yetu imejibana. Kuta zilimwaga chokaa kila siku, na unyevu ulipanda mpaka rafu ya tatu. Kila mtu alimwita Bwana Stoo. Mimi peke yangu nilimwita Ami, kama ndugu wa baba, kwa kuwa siku ya kwanza nilimwamkia hivyo, naye hakunikataza.

Kazi yake ilikuwa kutunza vitu vyote vya ofisi, kuanzia sabuni mpaka viti, lakini moyo wake ulikuwa kwenye katriji, vile vikasha vya wino vinavyochomekwa ndani ya printa. Ofisi yetu inakula karatasi, na kila chumba kina printa yake, hata vyumba ambavyo sijawahi kuona mtu akifanya kazi ndani yake. Sheria yake ilikuwa moja, nayo aliibandika mlangoni kwa herufi kubwa: LETE TUPU, CHUKUA JIPYA. Kama dukani kwenye chupa za soda. Hukuja na katriji iliyokwisha, hupati nyingine, hata uwe nani.

Ile tupu akiipokea aliifuta kwa kitambaa kikavu, kisha akaandika juu ya mgongo wake kwa kalamu ya wino mzito: chumba ilikotoka na siku iliyorudi. Halafu aliipanga ndani ya boksi. Kila mwisho wa mwezi gari ya mkandarasi ilikuja kuyachukua maboksi. Tuliambiwa yanakwenda bandarini, yanavuka kwenda bara, na huko kiwandani vile vikasha husafishwa na kujazwa upya. Bwana Stoo alitia saini fomu inayosema kuwa katriji zote za mwezi ule zimepelekwa kurejelezwa. Ofisi ikaziweka fomu hizo kwenye faili, na faili lile ndilo lililotupatia cheti cha utunzaji wa mazingira kinachoning'inia pale mapokezi.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anahangaika kuandika juu ya kitu kinachokwenda kusagwa au kujazwa na watu asiowajua.

"Amana hiyo," alinijibu. "Mtu akikupa amana, ukampa mwengine, ijulikane imetoka kwa nani."

"Ami, hii ni plastiki."

"Na weye n'nini? Udongo. Mbona una jina?"

Ndivyo alivyokuwa akijibu. Ulikuwa ukiondoka umenyamazishwa na hujui kama umefundishwa au umetukanwa.

Ulimi wake ulikuwa mchafu, niseme ukweli. Alimliza karani wa mapokezi kwa sababu ya boksi moja la klipu. Mhasibu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alimwambia mbele ya watu kuwa akili zake zimekwisha wino. Alikuwa mkali kwa wasafishaji kuliko kwa wakubwa mpaka nilipomwambia, na tangu siku hiyo akawa mkali kwa wote sawasawa, akaona amerekebisha jambo. Na yeye huyohuyo aliyekuwa akihutubia watu juu ya uchafu alikula machungwa mchana na kutupa maganda uchochoroni kupitia dirisha la nondo. Nilimsuta. Akasema ganda la chungwa linaoza, mbuzi analila, na kama nina hoja nyingine niilete.

Watu wengi walileta stoo katriji ambazo hazijakwisha. Chapa ikififia kidogo tu wanaona uvivu, wanaichomoa, wanakuja kudai mpya. Yeye aliishika kwa mikono miwili, akaitikisa taratibu kushoto na kulia ili unga wa wino uliobaki ndani usambae, kisha akaichomeka kwenye printa kuukuu aliyoiweka nyuma ya mlango. Ikichapa, ulirudi nayo ulikotoka, pamoja na maneno yako.

Kabla ya Ramadhani moja, katibu muhtasi wa mkurugenzi aliteremka na katriji aliyoapa kuwa imekufa. Bwana Stoo hakubishana naye. Alimwambia aiache. Alasiri nzima printa ile ilikuwa ikinguruma nyuma ya mlango, na kesho yake kila mfanyakazi, mpaka walinzi, alikuta mezani kwake ratiba ya futari na daku ya mwezi mzima, safi, nyeusi tititi. Chini kabisa aliandika: "Imechapwa kwa katriji iliyokufa ya ofisi ya mkurugenzi." Ofisi nzima ilicheka mpaka Idi. Mkurugenzi alicheka pia, kwa meno. Mimi nadhani hesabu ya Bwana Stoo ilianza kuandikwa siku ile, ingawa ilichukua muda kufungwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Unga ule wa wino ukikumwagikia, osha kwa maji baridi. Maji ya moto huuyeyusha, ukanata moja kwa moja. Alinambia mara kumi, nami mara ya kumi na moja nilimwagikiwa kwenye mtandio wangu mweupe, nikakimbilia birika la chai. Doa likabaki pale mpaka kesho. Alinitukana vizuri sana siku ile, aliniita kichwa cha nazi mbele ya dereva. Kesho yake asubuhi alinitupia mfuko mezani. Ndani mlikuwa na mtandio mpya, mweupe, umekunjwa na mkono wa mwanamke.

"Mke wangu kautoa," alisema, akiangalia rafu. "Sitaki uchafu stoo kwangu."

Ninao mpaka leo. Nimeuvaa mara mbili tu.

Sasa nieleze kilichotokea, na nitakieleza kama kilivyokuwa, sio kama kinavyosimuliwa pale kantini.

Bwana Stoo alikuwa na dada yake aliyeolewa upande wa Mangapwani. Shemeji yake alipofariki, alikwenda kwenye hitima. Baada ya kusomwa na watu kula, alipita nyuma ya nyumba kwenda kunawa, akaona mlango wa jiko umezuiwa kwa kitu cheusi usipigwe na upepo. Aliinama. Ilikuwa katriji. Mgongoni, kwa mwandiko wake mwenyewe, iliandikwa chumba namba saba na siku iliyorudi.

Alimuuliza dada yake ameipata wapi. Dada mtu akamjibu bila wasiwasi kwamba ziko tele, kule kwenye shimo la zamani la kuchimbia mawe, gari huja kuzimwaga. Watu huokota kuzuilia milango na kusimamishia masufuria.

Alikwenda na kanzu yake ileile ya hitima. Nimesimuliwa na dada yake mwenyewe kwamba alishuka shimoni, akawa anazigeuza moja moja na kuzisoma. Chumba namba mbili. Mapokezi. Uhasibu. Mkurugenzi. Miaka na miaka ya kazi yake ilikuwa pale imepasuka juani, na mvua ilikuwa imeuchukua unga na kuutelemsha kwenye bonde ambako wanawake wanachota maji ya kisima. Aliporudi kanzu ilikuwa nyeusi mpaka magotini, na dada yake akaogopa, akadhani ameanguka.

Jumatatu aliingia stoo bila kunitukana. Nikajua kuna jambo.

Na hapa ndipo hasira yangu inapogeuka kunitazama. Mimi nilikuwa najua. Sio yote, lakini nilijua ya kutosha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapakilia maboksi, na miezi mingi nyuma dereva wa mkandarasi aliwahi kunambia huku akicheka kuwa bandarini kuna foleni na makaratasi, na shamba, huko nje ya mji, hakuna foleni. Nilicheka naye. Nilijiambia labda ni mzaha, kisha nikajiambia hainihusu, kisha nikaacha kujiambia chochote. Bwana Stoo alikuwa akiandika namba zake kwa uangalifu kila siku, nami nimekaa hatua mbili kutoka kwake, nikimwangalia.

Fomu ya mwezi ililetwa wiki ileile. Wageni wa cheti walikuwa wanakuja kukihuisha, na faili lilitakiwa kuwa kamili. Bwana Stoo akaisoma fomu kama alivyosoma kila kitu, mpaka mstari wa mwisho, akairudisha bila saini. Ikaletwa tena. Akairudisha tena. Tukaitwa sote wawili juu kwa mkurugenzi.

Alipanda na mfuko. Alipoketi alitoa kilichomo, akakiweka juu ya kioo cha meza. Ilikuwa ile katriji ya chumba namba saba, na bado ilikuwa na mchanga wa jikoni.

"Hii nliitoa stoo kwa mkono wangu huu," alisema. "Nimeikuta mlangoni kwa dada yangu. Nyengine ziko shimoni, na chini ya shimo kuna kisima. Mnataka niandike kuwa zimekwenda kiwandani?"

Mkurugenzi ni mtu mpole wa maneno. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na siku hizi nikimsikia mtu mpole namna ile nashika mkoba wangu.

"Mzee wangu," alisema, "hizi ni shughuli za mkandarasi. Tutaandika barua. Lakini wageni wanakuja Alhamisi, na hili ni jambo la saini tu."

"Saini yangu ni jina langu."

"Hakuna anayekuchukulia jina."

"Basi liacheni hapo lilipo."

Mkurugenzi akaigeuza katriji kwa ncha ya kalamu, akasoma yale maandishi.

"Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Na imepatikana kwa nani?"

"Nshakwambia. Kwa dada yangu."

"Kwa hiyo mali ya ofisi, yenye mwandiko wako, imekutwa nyumbani kwa ndugu yako." Alisema vile taratibu, kama anayemsomea mtoto. "Mzee wangu, unaona mwenyewe jambo hili linavyosomeka. Kuna watu wananunua hizi tupu, wanazijaza na kuziuza mitaani. Mimi sisemi kitu. Naangalia tu linavyosomeka."

Mtu aliyewanyamazisha wahasibu na makatibu, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, aliinama akausoma upya mwandiko wake mwenyewe. Hakuwa amefikiria kabisa kuwa kuna binadamu anaweza kuusoma mwandiko ule namna ile. Aliandika ili ijulikane amana imetoka kwa nani, na sasa ilikuwa inajulikana.

Kisha mkurugenzi akanigeukia. "Na wewe msaidizi wake, unajua lolote kuhusu gari kwenda shamba?"

Bwana Stoo alinitazama. Hakunisihi. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikihesabu rimu za karatasi, akisubiri tu nimpe idadi sahihi.

Nikasema, "Sijui."

Neno moja. Nilikuwa na mama mgonjwa, nilikuwa na mkataba unaokwisha mwezi wa sita, na nina visingizio vingine nikivitaka. Vyote ni vya kweli, na hakuna hata kimoja kinachonifaa usingizini. Nilimwona akiteremsha macho yake. Aliichukua katriji yake, akaomba ruhusa kwa adabu, akatoka.

Hawakumfukuza, hapana. Ofisi kama yetu haifukuzi mtu, kufukuza kuna kesi. Walimhamishia Tunguu, kwenye ghala letu lililofungwa, akae na ufunguo wa chumba kisicho na kitu. Kila asubuhi alipanda gari kwenda kulinda kuta, na jioni akarudi. Hawakumshitaki kwa wizi, kwa kuwa ushahidi ungewapeleka shimoni. Waliliacha lile neno litembee lenyewe, likatembea. Ilisemwa kwenye ngazi, ikasemwa msikitini, kwamba Bwana Stoo kumbe alikuwa akiuza tupu. Wale aliowatikisia katriji zao mbele ya macho yao ndio walioliamini haraka zaidi. Wakasema, ndiyo maana alikuwa akizing'ang'ania. Baada ya miezi kadhaa akapewa barua ya kustaafu mapema, na hakuna aliyemfanyia hata soda ya kumuaga.

Wageni walikuja ile Alhamisi. Tulikula keki na sambusa. Walipendezwa sana na tangazo la mlangoni, wakalipiga picha, wakauliza nani ameliandika. Mkurugenzi akasema ni utamaduni wa ofisi yetu. Fomu ilikuwa kwenye faili, na saini iliyokuwa juu yake ilikuwa yangu, Kaimu Mtunza Stoo. Cheti kikahuishwa.

Nimekuwa nikimkasirikia hata yeye. Niliwahi kubishana naye kichwani nikipika: kwa nini ulikwenda na ushahidi wako wazi kama mtoto? Kwa nini hukutafuta watu wazito kwanza, masheha, waandishi wa habari? Kwa nini hukuniuliza mimi faragha, kabla hatujapanda ngazi zile? Kiburi chako, Ami. Ulidhani ukweli ukiwekwa mezani watu watasimama wenyewe. Halafu moto wa jiko unazimika na mimi nimesimama pale na mwiko, nagombana na mtu ambaye hayupo.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Anakaa Kikwajuni, ghorofa ya tatu. Ilikuwa baada ya alasiri, na nilichukua mfuko wa machungwa kwa kuwa sikujua nichukue nini. Mkewe alinifungulia, akausogelea uso wangu kabla hajanijua, macho yake yameshaingia ukungu. Ami alikuwa amekaa kwenye mkeka na sinia mapajani, anachambua mchele kwa ajili ya mkewe. Amepungua mwili. Vidole vyake bado vina weusi kwenye kingo za kucha, au labda nilitaka kuuona.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Kaa."

Nilikaa. Mkewe alileta chai ya viungo, akarudi ndani. Yeye aliendelea kutenga mawe pembeni ya sinia, moja baada ya jingine. Sikuwa na utangulizi, nikasema tu.

"Nimekuja kuomba radhi. Siku ile nliulizwa, nkasema sijui. Nlikuwa nnajua."

"Nlikuwa nnajua kama unajua," alisema. "Ulikuwa ukipakia maboksi huku hunitazami."

"Nisamehe, Ami."

Alipuliza makapi, akalitikisa sinia kwa mikono miwili, kushoto na kulia.

"Gari bado inakwenda kulekule?"

"Ndiyo."

"Na fomu bado inakuja?"

"Inakuja."

"Anatia saini nani?"

Nilisema, "Mimi."

"Ya mwisho umetia lini?"

"Jumatatu."

Akaliweka sinia chini. Hakuwa na hasira, na ndilo lililoniumiza. Ningefurahi angenitukana kama zamani, angeniita kichwa cha nazi nikalia nikaenda zangu.

"Basi mwanangu, leo si siku yake," alisema. "Radhi huombwa kwa jambo lililokwisha. Dada yangu kateka maji asubuhi hii. Kunywa chai yako."

Niliinywa yote, ikiwa moto, nikaaga. Niliteremka ngazi nimemkasirikia mpaka nikafika Michenzani. Nilisema peke yangu njiani, watu wakanitazama. Nani amempa yeye haki ya kuninyima msamaha? Mungu anasamehe kila saa! Nilipofika nyumbani ile hasira ilikuwa ipo bado, lakini haikuwa tena juu yake.

Fomu ya mwezi huu imeletwa jana. Iko juu ya meza yangu, imekaa chini ya kikombe, na sijaigusa. Katibu muhtasi ameshapiga simu mara mbili, na asubuhi hii mkurugenzi mwenyewe amepiga, kwa upole wake uleule, akaniambia wageni wako njiani na hili ni jambo la saini tu.

Nimemwambia stoo anaijua, na kalamu ninayo. Ateremke atie yake.